Tutu si neti ya kurundika kiunoni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wazazi, walimu wa chekechea na mafundi cherehani wenzetu wa Dodoma kuhusu tutu, sketi ya neti ya wacheza baleti (ile ngoma ya jukwaani ya Ulaya), vazi linalopendwa kuliko linavyofahamika. Mahafali ya chekechea yanakaribia, na kila msimu maagizo ni yale yale: "Nishonee tutu, neti iwe nyingi, itoke nje kabisa." Fundi anarundika neti kiunoni, mtoto anavaa, na kabla wimbo wa kwanza haujaisha sketi imeshalala mapajani kama kuku aliyenyeshewa, mtoto anajikuna, na mama analalamika kwamba neti ilikuwa kidogo. Neti haikuwa kidogo. Iliwekwa pasipo mahali pake.

Tutu ni vazi la kazi. Lilizaliwa pale mguu wa mchezaji ulipohitaji kuonekana, likafupishwa kila mguu ulipopewa kazi mpya, na kila tabaka lake lina sababu ya kuwa pale lilipo. Anayezijua sababu hizo atashona tutu ya mtoto kwa chini ya mita 3 za neti. Asiyezijua atamaliza nusu jora na sketi italala vilevile.

Historia yake huanzia kwa mcheza baleti Marie Taglioni. Tarehe 12 Machi 1832, katika jumba la Opera la Paris, alicheza La Sylphide, baleti aliyotungiwa na baba yake, Filippo Taglioni. Alivaa kizibao kilichombana kifuani na sketi nyeupe nyepesi yenye umbo la kengele, iliyokomea kati ya goti na kifundo cha mguu. Kwa macho ya leo hiyo ni sketi ndefu. Lakini Taglioni alikuwa akicheza akiwa amesimama juu ya ncha za vidole, tena kwa viatu vya satini visivyo na kichwa kigumu kama vya sasa, vilivyoimarishwa kwa uzi kingoni tu. Pindo lingegusa sakafu, kazi yote ile ingefichika. Na weupe nao haukuwa pambo tupu: chini ya taa za gesi zilizokuwa zimeingia katika majumba ya maonyesho, kitambaa chepesi cheupe kiling'aa kama mbalamwezi, kikampa mchezaji sura ya kiumbe asiye na uzito. Baleti ya Giselle ya mwaka 1841 ilifuata mtindo huohuo, na mpaka leo sketi hiyo ndefu huitwa tutu ya Kiromantiki.

Jina "tutu" lenyewe lilikuja baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba limetokana na neno la kitoto la Kifaransa la kutaja makalio. Neno letu kututumka halina undugu nalo, ila sikio la Mswahili halikosi kuona jinsi linavyoafiki: neti iliyoshonwa sawasawa hututumka.

Bila mashine vazi hili lisingewezekana. Zamani neti ilifumwa kwa mkono, nayo ilikuwa mali ya matajiri. Mwingereza John Heathcoat ndiye aliyesajili mashine ya kuifuma katika miaka ya 1808 na 1809, na ndipo ikawezekana mchezaji mmoja kuvaa tabaka juu ya tabaka. Jina ambalo wenzetu wa Ulaya huiita neti laini ni la mji wa Tulle, Ufaransa. Nailoni imeingia katika karne ya 20. Kabla yake ni pamba na hariri.

Kutoka kengele hadi sinia ni safari ya mguu kupanda. Wachezaji kutoka Italia walikuwa na mizunguko ya kasi na ufundi wa miguu ambao sketi ndefu iliuzuia. Virginia Zucchi, alipokwenda kucheza St. Petersburg, Urusi, mwaka 1885, alisisitiza kuvaa sketi fupi kuliko walivyozoea huko. Mwitaliano mwenzake, Pierina Legnani, aliwashangaza Warusi kwa mizunguko 32 ya mfululizo juu ya mguu mmoja, na mizunguko hiyo ikaingizwa katika baleti ya Swan Lake ya mwaka 1895. Fikiria mizunguko 32 katika sketi ya kufika chini ya magoti: kitambaa kinajizungusha mguuni, kinavuta, kinamwangusha mtu. Sketi ikafupishwa, ikainuliwa, na hatimaye ikasimama mlalo kuanzia nyongani kama sinia, mguu wote ukionekana tangu paja.

Hata hilo sinia lilileta tatizo lake. Ili lisilale, ndani yake hupitishwa pete ya chuma chembamba. Wachezaji wakiwa wachache jukwaani, pete haina shida. Wakiwa safu nne zilizokaribiana, pete zinagongana, na pete ikigongwa upande mmoja huinuka upande wa pili. Barbara Karinska, mshonaji mzaliwa wa Kharkiv, Ukraine, aliyefanya kazi na mtunzi wa baleti George Balanchine huko New York, aliiondoa pete hiyo kabisa mnamo mwaka 1950 kwa ajili ya baleti ya Symphony in C. Alitumia tabaka 6 au 7 tu za neti, fupi, zisizolingana urefu, zikishikana kwa mishono michache iliyolegea, hata sketi ikakaa kama pamba iliyochambuliwa. Ni huyu Karinska anayestahili kusomwa na fundi yeyote anayeshona tutu za watoto, kwa sababu watoto wa chekechea nao huchezeshwa wakiwa wamebanana jukwaani, ishirini katika nafasi ya watu wanane.

Mvuto wa vazi hili kwa watu wasiowahi kuona baleti si jambo la kudharau. Michaela DePrince, aliyezaliwa Sierra Leone na kupoteza wazazi vitani, aliona picha ya mcheza baleti kwenye jarida akiwa kituo cha yatima, akaichukua na kuihifadhi. Akakua akawa mchezaji wa jukwaa kubwa Marekani na Uholanzi, hadi alipofariki mwaka 2024. Mtoto wa Chamwino au wa Kizota anayeng'ang'ania tutu siku ya kuzaliwa kwake hajaigiza upuuzi wa mtu. Ameona vazi linaloandamana na mwendo wa mwili, na hilo si geni kwetu. Mama wa Kigogo anayepiga muheme hubana ngoma katikati ya mapaja, na khanga yake hufungwa kwa kufuata kazi hiyo. Njuga hufungwa mguuni kwa sababu mguu ndio unaotakiwa kusikika. Nguo ya ngoma hufuata ngoma. Kwa tutu pia ni hivyo hivyo.

Sasa tuje mezani kwa fundi. Geuza tutu ya kweli uitazame kwa chini. Utakuta chupi, na neti zote zimeshonwa kwenye chupi hiyo, hakuna hata moja iliyoshonwa kiunoni. Kati ya kiuno na neti ya kwanza kuna mkanda mpana wa kitambaa kisichovutika, unaokaa kuanzia kiunoni hadi nyongani. Kwa mtu mzima upana wake ni kama sentimita 8 hadi 10. Mkanda huo ndio unaofanya kiuno kionekane chembamba na sketi ianzie mahali mwili ulipopanuka. Neti ikianzia kiunoni, mtoto anakuwa kama gunia lililofungwa katikati.

Kisha angalia urefu wa tabaka. Fupi kuliko zote iko chini kabisa, karibu na mguu. Inayofuata juu yake ni ndefu kidogo, hivyo hivyo hadi ya juu kabisa iliyo ndefu kuliko zote. Hapa ndipo siri ya vazi zima ilipo: tabaka fupi ya chini hubeba iliyo juu yake, na hiyo hubeba inayofuata. Fundi anayekata tabaka zote urefu mmoja amejenga nyumba isiyo na nguzo. Ataongeza neti, na kila neti anayoongeza ni uzito mpya wa kuivuta sketi chini.

Kwa mtoto wa miaka 5 au 6 mwenye nyonga ya karibu sentimita 60, tabaka 6 zinatosha na pete haihitajiki. Kata upana, yaani kutoka kwenye chupi hadi pindo, wa sentimita 8, 11, 14, 17, 20 na 23, kuanzia tabaka ya chini. Tabaka tatu za chini, kila moja iwe na urefu wa mita 3 kabla ya kukunjwa marinda. Tatu za juu, mita 4 na nusu kila moja. Ukitumia neti yenye upana wa sentimita 150, tabaka za chini zinahitaji vipande viwili viwili vilivyounganishwa, za juu vitatu vitatu. Jumla ni kama mita 2 na nusu. Nunua 2 na robo tatu, kwa maana neti huteleza mezani na mkasi hukosea. Chagua ile neti ngumu inayonyanyua gauni la bibi harusi, isipokuwa tabaka ya juu ambayo inaweza kuwa laini. Neti laini ya shela pekee haisimami hata ukiweka tabaka 12.

Marinda ya neti ndiyo yanayowashinda wengi. Mshono mrefu wa kawaida ukivutwa hukatika, kwa sababu neti ina matundu na uzi hauna cha kushika. Afadhali kupitisha mshipi mwembamba wa kuvulia samaki au uzi mnene kwenye ukingo, ukaushonea juu yake kwa mshono wa zigizaga usioutoboa, kisha ukavuta mshipi huo taratibu na neti ikajikunja yenyewe. Gawa tabaka kwa robo nne, uweke alama, na ugawe chupi vilevile, la sivyo marinda yote yataishia nyuma.

Shona ukianza na tabaka ya chini, upande juu, ukiacha sentimita 1 kati ya mstari na mstari. Ukianza na ya juu hutapata pa kupitisha mguu wa cherehani. Mistari ikikaribiana kuliko hapo kunakuwa na nundu. Ikiachana sana, tabaka haziegemeani. Kila mstari ufunikwe kwa utepe wa pamba, kwani ukingo wa neti iliyokatwa ni kama msumeno mdogo, na ndio unaomfanya mtoto ajikune jukwaani mbele ya wageni. Chupi yenyewe iwe ya pamba inayovutika.

Ukimaliza, tutu itakuwa imesambaa ovyo kama kichaka. Usiogope. Chukua sindano ya mkono na uzi wa rangi ya neti, upitishe kutoka tabaka ya juu hadi ya chini na kurudi, ukiacha uzi ulegee kiasi cha sentimita moja na nusu hadi mbili, kisha ufunge fundo. Rudia kuzunguka sketi yote, kila baada ya upana wa kiganja. Mishono hii hufanya tabaka ziende pamoja. Ukiikaza, sinia linakunjamana na kuwa mwavuli uliofungwa. Ukiiacha, kila tabaka inakwenda kwao. Kazi hii peke yake huchukua muda kuliko ushonaji wote wa mashine, na ndiyo ambayo wateja hawaioni na hivyo hawataki kuilipia. Mzazi anayebishana bei ajue kwamba hapo ndipo anapopunguziwa.

Sehemu ya nyuma ifungwe kwa kulabu na vitanzi, safu mbili au tatu, badala ya zipu. Majumba makubwa hufanya hivyo ili vazi moja livaliwe na watu wawili wenye viuno tofauti, na mtoto wa miaka 5 hukua kabla mwaka haujaisha. Tena zipu ikikamata neti katikati ya shughuli, hakuna la kufanya ila mkasi.

Ipo ile tutu ya kufunga mafundo, isiyoshonwa, nayo ina nafasi yake kwa picha na sherehe ya nyumbani. Lastiki ya upana wa sentimita 2 na nusu, fupi kuliko kiuno kwa sentimita 4, huunganishwa na kuvalishwa kwenye sufuria iliyopinduliwa yenye mzunguko sawa na kiuno cha mtoto, ili isije ikatanuka kadiri mafundo yanavyoongezeka. Vipande 60 vya sentimita 15 kwa 60, vilivyokunjwa kati na kufungwa kitanzi, vitakula mita 3 na sentimita 60 za neti. Ndiyo, ni nyingi kuliko ile iliyoshonwa, na bado italala, kwa sababu vipande vyote vina urefu mmoja. Tusiiuze kwa mtoto anayekwenda kucheza.

Jambo jingine tunalolikemea: kukata chandarua. Kina neti laini mno isiyosimama, na vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua mbu. Dawa hiyo haikuwekwa pale ili ikae ikisuguana na mapaja ya mtoto kutwa nzima. Chandarua kibaki kitandani.

Rangi ya ngozi nayo inataka akili. Vitambaa vya kuonyesha ngozi kwenye mabega na kifua huuzwa kwa rangi ya Mzungu, na mtoto wetu akivaa anaonekana kama amefungwa bandeji. Dance Theatre of Harlem, kampuni ya baleti ya wachezaji weusi huko New York waliyoianzisha Arthur Mitchell na Karel Shook mwaka 1969, ilizoesha wachezaji wake kuvaa soksi na viatu vya rangi za ngozi zao. Huku kwetu dawa ipo jikoni: nailoni hushika rangi ya majani ya chai vizuri sana. Chemsha chai nzito, chuja, loweka kitambaa, kitoe kila baada ya dakika chache ukilinganishe na mkono wa mtoto kikiwa kikavu, maana kikiwa na maji huonekana kimekolea kuliko kilivyo.

Hali ya hewa ya Dodoma haiihurumii neti. Kiangazi hewa ni kavu, na nailoni ikisuguana na bitana ya sintetiki hujaa umeme, ikanata miguuni na kuvuta vumbi jekundu lote la uwanjani. Weka bitana ya pamba, na kabla ya kupanda jukwaani pitisha mkono wenye unyevunyevu kati ya tabaka. Vumbi likiingia, usisugue: pindua tutu, ikung'ute, kisha itumbukize katika maji baridi yenye sabuni kidogo, bila kukamua, na uianike kivulini ikiwa juu chini. Jua letu hugeuza nailoni nyeupe kuwa njano, na nyuzi zikawa dhaifu. Pasi ya moto huiyeyusha palepale. Kuihifadhi, itundike juu chini kwa chupi yake au ilaze bapa juu ya kabati. Ikikunjwa sandukuni mwezi mzima, ule ugumu ulioulipia umekwisha.

Tumeuacha moto mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndio unaotukosesha usingizi kila tunapoona keki yenye mishumaa imezungukwa na watoto waliovaa neti. Emma Livry alikuwa mwanafunzi wa Taglioni, na mwaka 1860 mwalimu wake alimtungia baleti ya Le Papillon, ambamo kipepeo anaunguza mabawa kwenye mwenge. Tarehe 15 Novemba 1862, wakati wa mazoezi katika Opera ya Paris, sketi yake iligusa taa ya gesi. Ilikuwapo dawa ya kuloweka nguo za jukwaani zisishike moto upesi, lakini iliufanya weupe ufifie na kitambaa kikakamaa, naye aliikataa. Alikaa na majeraha miezi 8, akafa Julai 1863. Miaka 18 kabla yake, mcheza baleti Clara Webster alikuwa amekufa vivyo hivyo jijini London.

Neti ya leo ya nailoni huyeyuka na kudondoka ikiwa inachoma, na hunata pale inapodondokea. Kwa hiyo tunawaomba walimu na wazazi: mishumaa ya keki, na ile ya kuwashiwa ukumbini umeme unapokatika, isiwe karibu na mtoto aliyevaa tutu, avuliwe kwanza, dakika moja tu. Chini ya tutu avae kaptura ya pamba, si ya nailoni. Awepo mtu mzima mwenye ndoo ya maji na blanketi nzito, asiyeshughulika na kupiga picha. Ikishatokea, mtoto alazwe chini, afunikwe, moto uzimwe, kisha sehemu iliyoungua imwagiwe maji baridi ya bomba kwa dakika 20, bila siagi wala dawa ya meno. Neti iliyogandia kwenye ngozi isibanduliwe nyumbani. Ikateni pembeni yake, hicho kilichogandia kiachwe, mkimbizeni hospitali kikiwa vilevile.

Mafundi wa nguo za watoto na za jukwaani,
Majengo, Dodoma